Kukaa na Watoto wa Alifu

Nizwa, Omani, Mfunguo Tano, 1302 Hijria

Kwa Bi Thuraya, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani hapo Bagamoyo, shikamoo sana. Naomba msaada wako, bibi yangu, maana kila mwenye jambo zito hapo mtaani hukuletea wewe, nami sina mwingine, na kama utaisoma barua hii mbele ya wanawake barazani, kama ilivyo desturi yako, nakuomba jina langu ulifiche.

Unajua baba, mzee Darwesh, alinileta huku kwa dada yake, shangazi Khairat, ili nisome fikihi na nahau nirudi niwe mwalimu, nami nilikuja kwa furaha nikidhani nakuja kwetu, maana hapo Bagamoyo tangu utotoni naitwa Mwarabu. Bibi, huku naitwa Mswahili. Nikinunua tende sokoni, Mswahili, nikitawadha mferejini, Mswahili, nami nacheka nao huku naumia. Baridi ya asubuhi inaingia mifupani, milima imetuzunguka haina hata mti, chakula ni tende na mkate na papa mkavu, na wali wa nazi naishia kuuota tu. Hayo yote ningeyavumilia.

Lililonishinda ni hili. Siku niliyosimama kusoma mbele ya darasa la Shehe Mbaruk, mimi niliyewasalisha watu tarawehe hapo kwetu, sikufika mbali wenzangu wakaangua kicheko, maana herufi za kooni nazitamka kipwani. Shehe akawanyamazisha, kisha akaniambia, "Humoud, akili unayo, ila ulimi bado. Kuanzia kesho utakaa na watoto wa alifu mpaka herufi zikae sawa." Watoto wa alifu, bibi! Wengine hawajang'oka meno ya utoto, nami nina ndevu. Nikafunga kitabu, nikatoka, wala sijarudi. Kila asubuhi naaga, shangazi ananifungia mkate, nakwenda kukaa kwenye mitende mpaka adhuhuri, na nikirudi ananiuliza, "Leo mmesoma nini?" nami natunga. Ni mtu mwema, lakini hazungumzi nami ila Kiarabu, kama nyumba yote ya mumewe, na nadhani Kiswahili amekwisha kukisahau. Kabla ya Ramadhani uko msafara utakaoshuka Maskati. Niondoke nao nirudi nyumbani, au nikae niaibike? Na baba nitamwambia nini? Nijibu, bibi, nimechoka kuwa mgeni.

Mwanafunzi wako, Humoud

*

Bagamoyo, Rajabu, 1302

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha, ingawa mama yako alikuwapo barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo kijana, mama yake ana kazi." Nikaikunja barua.

Pole, na pole hii inatoka moyoni. Mimi nililetwa hapa kuolewa kutoka Barawa, na siku ya kwanza nilipoomba ndoo kisimani kwa lugha ya kwetu wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Najua inavyochoma. Basi, pole imekwisha, sasa nisikilize.

Shehe hakukudhalilisha. Alikuambia akili unayo, tena mbele ya hao hao waliokucheka, nawe masikio yako yakashika neno "watoto" tu. Herufi hizo nilikufundisha mimi, kwa ulimi niliopewa na walimu wangu. Nilimhimiza baba yako akupeleke kwa sababu nilitaka upate nisichoweza kukupa. Sasa unakwenda kuniletea kivuli cha mitende?

Lakini kilichoniudhi zaidi ni ule mkate. Mtu anaamka gizani akuokee, nawe unaula na kumlipa uongo. Na huyo Khairat unayedhani amesahau, mimi ndiye niliyemsuka nywele siku alipopelekwa huko, mwali mdogo, analia hataki kuachia nguzo ya mlango. Hakusahau chochote. Hana wa kusema naye.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, kama hujatubu mwenyewe zamani, mweleze shangazi yako kweli yote, na umweleze kwa Kiswahili. Asubuhi nenda kwa Shehe, umwombe radhi, ukae na watoto. Wakicheka, irudie herufi mpaka wachoke kucheka. Msafara uache upite. Ramadhani ikiisha na moyo bado unakataa, niandikie, nami mwenyewe nitavaa buibui langu niende kwa baba yako nimwambie akurudishe, wala hakuna atakayekuita mshindwa mbele yangu. Ila usirudi kwa ajili ya kicheko cha watu.

Bi Thuraya

*

Nizwa, Mfunguo Mosi, 1302

Bibi, shikamoo. Barua yako ilinikuta wasafiri wanafunga mizigo, na wangu nilikuwa nimekwisha kuufunga. Nilimfuata shangazi jikoni, akikanda unga, nikamweleza yote kwa Kiswahili. Aliendelea kukanda, nikadhani hakunielewa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepapasa njia, "Mbona hukuniambia, baba?" Akalia, nami nikalia. Tangu siku hiyo tukiwa peke yetu ni Kiswahili tu, na maneno yake ni ya kitoto, maana ndiyo aliyoondoka nayo.

Watoto walinicheka sana mwanzoni. Baadaye ikawa nikiipata herufi sawasawa wanashangilia mpaka mwalimu wao anawakemea. Ramadhani ilipokwisha Shehe alinirudisha darasani, nikasoma, na mwenzangu mmoja alinisahihisha mahali pamoja, nikamshukuru nikaendelea.

Sasa kuna jambo jipya. Wanakuja vijana wawili kutoka Unguja kusoma, na Shehe amenipa mimi kazi ya kuwapokea. Nimesema watafikia kwetu. Shangazi ameanza kuwatandikia, na kila nikipita ananiuliza, "Na hao, wanapenda kula nini?"