Shavu la Mjomba Evaristo

Chicago, 3 Juni 1998

Mwanangu Yareli,

Hujambo? Bibi yako anaendeleaje? Mimi mzima, ila nyumba imenyamaza tangu umalize shule uende kumtunza. Najua una haya. Huko Meksiko haya huitwa kiburi. Ukiingia mahali penye watu, zunguka, mmoja mmoja, busu la shavu, hata wakiwa thelathini. Ukimruka mtu, umemtukana mbele ya wote. Na umheshimu kaka yangu Evaristo. Nyumba ni yake.

Mama yako, Obdulia

Jerez, 16 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Bibi hajambo, anakula tena. Juzi ndugu walikuja kula mbuzi. Nilikuwa napeleka mikate ya tortila mezani mjomba aliposema, "Obdulia? Hata kumzika baba yetu hakuja. Siku hizi ni Mmarekani yule!" Wakacheka.

Mama, ulilala kwenye sakafu ya bafu siku mbili ukilia, kwa sababu huna karatasi za ukaazi wa Marekani; ungekuja huku, usingeruhusiwa kurudi kwangu.

Leo walikuja tena. Nimesalimu watu kumi na wanne. Yeye nimemruka.

Mama mkubwa Chayo akaangua kicheko. "Hee! Kamsahau mwenye nyumba!"

Nikamjibu, "Sijasahau, mama mkubwa."

Mwanao, Yareli

Chicago, 1 Julai

Yareli,

Bibi hajambo? Mimi usingizi umenipaa. Evaristo amepiga simu: umsalimu na kuomba radhi, la sivyo anakurudisha. Bibi atabaki na nani? Maneno yake nimeyazoea. Yameze, kama nilivyoyameza mimi.

Mama yako

Jerez, 14 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini unalala sasa.

Wewe umeyazoea. Mimi bado.

Jumapili mjomba alisimama katikati ya sebule, shavu kalitega. "Haya, binti. Busu, au sanduku?"

Nikamwambia, "Waambie kwanza kwa nini mama hakuja mazikoni. Alikueleza mwenyewe kwa simu."

Akatazama dari. Basi nikawaambia mimi, mpaka ile sakafu ya bafu. Hakucheka mtu.

"Sanduku lake lije hapa!" akafoka.

Bibi akagonga mkongojo. "Na langu pia, Evaristo."

Masanduku mawili yako mlangoni, leo siku ya tatu. Hakuna anayethubutu kuyabeba. Kila asubuhi nawasalimu wote, mmoja mmoja. Nikimfikia yeye, napita.

Mwanao, Yareli