Likizo ya Watu Watatu

4 Agosti

Wifi yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza maumivu na mvuke wa pasi haukusumbui kifua. Sisi hatujambo, ila miguu imejaa malengelenge kwa kutembea.

Simu hazishiki huku mlimani, ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la mboga hushuka mjini kila baada ya siku moja, naye amekubali kuwa posta yetu. Unakumbuka mdogo wako alivyowafungia hawa wenye nyumba za wageni umeme wa jua mwaka jana? Walimwambia akitaka kupumzika aje na mkewe. Basi chekechea ninayofundisha ilipofunga tu, tukabeba mabegi.

Tunalala kwenye nyumba ya mianzi yenye paa la nyasi. Hakuna feni, upepo unajipitia wenyewe ukutani. Choo hakina maji: ukimaliza, unamwaga kopo la maranda, basi. Sabuni ni ya kwao tu, isiyodhuru samaki. Na nyuma ya nyumba kuna chemchemi, maji maangavu mpaka unahesabu vidole vya miguu! Kesho tunahamia nyumba za pili, zilizo karibu na maporomoko.

Natamani ungekuwepo.

Wifi yako mdogo

6 Agosti

Wifi,

Marahaba. Mgongo uko palepale ulipouacha, asante kwa kuuulizia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, pasi mkononi, nikaunguza kola ya shati la mteja. Kwa hiyo watu wazima wanapanda mlima kutwa nzima kwenda kumwaga maranda chooni! Si mngeniambia? Yamejaa tele kwa seremala hapa jirani.

Lakini acha niseme kilicho moyoni, maana nikikimeza kitanikaba. Huyo mumeo nimemlea tangu ana miaka tisa, tulipobaki wawili tu duniani. Nimepiga pasi nguo za watu mpaka akapata cheti chake cha ufundi. Hajawahi kunipeleka hata kando ya bwawa. Maji ninayoyajua mimi ni ya beseni na sabuni ya unga. Wewe una miaka sita tu kwenye familia hii, na tayari unahesabu vidole kwenye chemchemi.

Na hilo "natamani ungekuwepo" usiliandike tena. Mtu akitamani mwenzake awepo, humwita kabla ya kupanda gari.

Naona wivu. Haya, nimesema.

Wifi yako mkubwa

11 Agosti

Wifi,

Shikamoo, hata kama tumenuniana. Afya yangu si mbaya. Mengine utayasoma.

Nimekaa na barua yako siku tatu, nikiikunja na kuikunjua. Umesema kweli. Lile "natamani ungekuwepo" niliandika kwa adabu tu. Sikutamani. Nilitaka wiki mbili za kuwa na mume wangu bila wewe.

Sikuzipata. Nyumba hizi za pili zimesimama juu ya nguzo, chini yake kuna dimbwi la kijani ambamo maporomoko yanaangukia. Siku ya kwanza tumeketi juu ya jiwe, akasema, "Dada angelipenda jiwe hili." Tukatandikiwa kitanda, akakagua pindo la shuka: "Dada asingekunja hivi." Nilicheka. Jana tukaingia majini, wawili tu, maji shingoni. Nikamshika mkono nikamwambia nimefikiria jina, siku tukijaliwa mtoto. Akasema, "Zuri. Ila tumuulize dada kwanza."

Nikamwuliza, "Hivi umekuja na mimi au na dada yako?"

"Unamwonea wivu mtu aliyelala njaa ili mimi nile?"

"Ndiyo, namwonea wivu! Mwaka wa sita huu!"

Akatoka majini, akavaa viatu miguu ikiwa bado imelowa. Leo asubuhi amefunga begi, amepanda gari la mboga. Hakuaga. Hakusema anakwenda wapi, ila mimi na wewe tunajua. Barua hii naituma kwa gari hilohilo, bado linapakia mboga. Nimemsihi dereva aitie mfukoni, mume wangu asiione.

Basi umeshinda. Huyo unayemwonea wivu amebaki peke yake kwenye nyumba ya wawili, na wahudumu wanaona haya kumwuliza chakula ni sahani ngapi. Sijui nikitoka hapa niende kwangu au kwa mama yangu.

Wifi yako mdogo

13 Agosti

Wifi yangu,

Marahaba, na pole. Pole sana.

Alifika juzi mchana. Nikamwuliza, "Mkeo yuko wapi?" Akasema, "Amebaki kupumzika." Jioni ile ile dereva akanipenyezea barua yako, nikaisoma nyuma ya kamba za nguo. Nilipaswa kumrudisha hapohapo. Sikumrudisha. Nimeitembeza siku mbili mfukoni mwa aproni, namwandalia chai, naimba. Nilijua unalia huko, na bado niliimba. Nisamehe.

Leo asubuhi amemaliza kula, akaisukuma sahani mbele kidogo, akangoja. Mwanamume wa miaka thelathini na nne anangoja nimwondolee sahani! Nikaona aibu, wifi. Huyo si mkaidi. Ndivyo nilivyomtengeneza mimi, nikidhani ni mapenzi.

Nikamwambia, "Chukua begi lako, gari la mboga halijaondoka."

"Dada, unanifukuza?"

"Nakufukuza. Na jina la mtoto usije kuniuliza. Nitalisikia kama watu wengine."

Alilia. Mimi nilisubiri nijifungie chumbani kwanza, ndimo ninamoandikia.

Barua hii ameibeba yeye, kwa hiyo ukiisoma, yuko mbele yako. Kama humtaki, shauri yako, lakini usinirudishie: hapa sifungui mpaka mje wote wawili. Usidhani wivu umeniisha. Nikiwaza mko wawili kwenye hayo maji, naunguza kola nyingine. Labda utaisha, labda hautaisha. Wewe usiungoje, mwanangu. Ogelea.

Wifi yako mkubwa

17 Agosti

Wifi yangu mkubwa,

Shikamoo. Unaamkaje? Safari hii nauliza kwa kutaka kujua.

Amefika. Siku ya kwanza sikumsemesha. Siku ya pili aliosha sahani zote mbili, moja akaivunja. Tangu arudi hajakutaja. Leo tukiwa majini alifungua mdomo mara mbili akaufunga, uso umemvimba kama mwenye jipu. Mara ya tatu nikamwonea huruma, nikamwambia, "Sema tu."

Akasema, "Dada hajawahi kuona maporomoko."

Nikamwambia, "Basi mwakani nakuja naye mimi. Wewe utabaki kupiga pasi."

Wifi yako mdogo