Risasi ya Kumi

Babu,

Risasi yako ya kumi haikupiga karatasi. Lile tundu la katikati nililitoboa mimi, kwa kijiti cha gundi. Sijamwambia mtu mwingine, si Mama, si padri. Maneno haya machache nimeyaandika mara tatu na kuyachana mara mbili.

Ngoja nikupe kwanza habari za nyumbani, nipate nguvu ya kuendelea.

Nimemaliza shule. Siku ya mtihani wa mwisho nilitoka nikakutafuta pale getini, nikitazama kofia moja moja, na nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikakumbuka. Koti lako la mvua Mama amempa askari mmoja wa kambi yetu ya polisi ambaye hulinda usiku. Kila nikimwona kwa nyuma akipita chini ya nyumba yetu, moyo unashtuka. Mama bado anafua mashuka hospitalini, anarudi jioni mikono ikinuka sabuni, anakaa upande wake wa kiti kirefu. Upande wako hakuna anayekaa.

Na bunduki imerudi polisi. Kibali kilikuwa na jina lako, kwa hiyo ulipoondoka, nacho kikaisha. Nilimwomba Mama aniache niisafishe kabla hatujaipeleka. Nilipitisha vitambaa kwenye mtutu kimoja baada ya kingine mpaka kikatoka cheupe, nikasugua kitako kwa mafuta ukaanza kuonekana ule mstari mwekundu wa mti ulioupenda. Afisa aliyeipokea aliigeuza huku na huku akasema, "Banange, hii bunduki ya Maki-foo ya zamani hivi, lakini inang'aa kushinda zetu." Mama akamjibu kwamba ilikuwa na mtu wake. Halafu akalia, Mama ambaye miaka yote hakukubali ikae chumba kimoja na chakula.

Sasa namwelewa zaidi kuliko zamani. Milio aliyoisikia akiwa chini ya kitanda, mwaka ule majeshi yalipoingia Kampala, ilimtosha. Hakufahamu kwa nini baba yake, aliyetengeneza bunduki za polisi mpaka akastaafu, atumie Jumamosi zake akicheza na bunduki nyingine. Nakumbuka ulivyomjibu, nikiwa na miaka kumi na miwili, siku ulipoomba ruhusa ya kunichukua: "Hii inapiga karatasi tu. Karatasi haina mama ya kulia." Mama akaniletea viatu, nikavaa.

Nilidhani nitakuta watu wa kutisha. Nikakuta wazee wanane wakinywa chai ya maziwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kila mmoja akipangusa bunduki yake kama mtu anayempangusa mtoto pua. Mlikuwa na sheria moja iliyonichekesha: bunduki lazima iwe imezaliwa kabla ya mwenyewe. Mzee Wafula, mwenye duka la misumari na rangi Kansanga, ndiye aliyetufikisha kwa pikapu yake, na njia nzima mlitukanana. Yeye, "Afande, leo utafagiwa hadi ukome." Wewe, "Namba Mbili, wacha kelele. Hii bunduki iko mzee kuliko wewe, heshimu yeye." Namba Mbili. Hakuwahi kushinda shindano la Agosti hata mara moja, na mara zote alikuwa nyuma yako au nyuma ya mwingine kwa pointi mbili, tatu.

Mliniona naogopa kusalimia watu, ukanipa kazi ya shimoni. Hakuna zawadi niliyopewa iliyonifaa kama ile, Babu. Kule chini ya ukuta wa udongo hakuna anayenitazama. Risasi inapita juu inalia kama mjeledi, naishusha fremu yenye karatasi ya shabaha, natafuta tundu, nalibandika kikaratasi kwa gundi ya unga, naipandisha tena, halafu naonyesha kwa fimbo yenye kisahani mahali ilipopiga. Kisahani kikisimama katikati, hilo ni jicho, pointi tano. Tundu lisipoonekana, napunga bendera nyekundu kulia na kushoto, na huko mbali nasikia wazee wanapiga mayowe: "Amefagiwa!"

Siku ile ya kwanza uliinama ukaniambia kitu kimoja tu. "Kwa shimo hakuna babu, hakuna mjukuu. Iko tundu ama hakuna tundu. Basi." Miaka sita nilikufuata. Niliwahi kukufagia mara mbili kwa siku moja, na nyumbani ukaniongezea nyama.

Halafu Agosti ikafika.

Ulikuwa umeanza kukonda. Daktari alikuwa ameshamwita Mama pembeni, na Mama alikuwa ameniambia mimi, na wewe ulijifanya hujui tunajua. Asubuhi ile ulishindwa kufunga kamba za viatu, nikakufunga, ukatazama dirishani kama vile miguu ile si yako. Mama akasema usiende. Ukasema unaenda kukaa tu. Lakini ulibeba bunduki.

Mzee Wafula alipiga kabla yako akamaliza na pointi arobaini na nne, zaidi ya wote. Wewe, sijui nguvu ulizitoa wapi. Kila nikishusha fremu nakuta tundu pale pale karibu na jicho, nami shimoni najumlisha kwa kijiti kwenye udongo. Risasi tisa, arobaini. Jicho moja tu na unashinda. Nilisahau kabisa kuwa mimi ni mtu wa shimoni. Nilikuwa mjukuu wako, nimekaza vidole, nasema, Bikira Maria, moja tu.

Ikalia. Nikaishusha fremu. Karatasi ilikuwa na viraka tisa vyangu. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Nikapitisha kiganja juu yake, nikaitazama kwa nyuma kwenye mwanga, kwa sababu ulinifundisha kuwa jua halikosi kupita penye tundu. Mwanga haukupita popote.

Bendera ilikuwa hapo mguuni. Niliinua mkono nao ukakataa. Nilizisikia sauti zao kabla hawajazitoa. Nilikuona akilini umelala kifudifudi pale kwenye gunia la mchanga, mifupa ya mabega imesimama chini ya shati, ukisubiri. Nikachukua kijiti. Kilitoboa kwa urahisi, Babu. Hata sauti hakikutoa.

Nikapandisha fremu, nikasimamisha kisahani katikati.

Tundu la risasi lina kipete cheusi kuzunguka ukingo wake, hilo ulinifundisha mwenyewe. Langu halikuwa nacho. Kwa hiyo ulipoomba ile karatasi uitunze, nilikwambia imelowa gundi na kuchanika. Huo ukawa uongo wa pili. Niliikunja ndani ya sketi, nikaichoma kwenye sigiri wakati Mama akiandaa chai, akaniuliza moshi ule wa nini.

Ulifurahi sana. Uliingia ukimwita Mama toka nje, ukasimulia risasi kumi zote ukiwa umeshika mwiko, ukala sahani nzima ya matoke, na tulikuwa hatujakuona ukimaliza sahani tangu Pasaka. Wiki tano baadaye ukafa. Katika wiki zile tano kila nilipohisi vibaya nilikuwa najiambia: tazama anavyocheka. Nilimpa hicho. Na ningeendelea kujiambia hivyo mpaka leo, kama si alichosimulia Mzee Wafula kwenye matanga yako.

Alikuwa amekaa na wazee wenzenu, wanakumbuka vituko vyako, na mimi nagawa chai. Akasema, "Mnajua ile risasi ya kumi? Kabla hata hatujaona kisahani, Afande aliinua kichwa akaniambia, 'Namba Mbili, imenitoroka. Imeenda kulia, chini. Hongera.' Akaninyoshea mkono! Mimi nimeshaupokea mkono, kisahani hicho, katikati kabisa! Akabaki ameduwaa. Akasema, 'Basi hata mwili wangu siujui tena.'" Wazee wakacheka, naye akacheka mpaka akapangusa macho. "Hata mkono wake mwenyewe ulimpita akili, huyo mtu!"

Nilikwenda nyuma ya nyumba na birika likiwa mkononi.

Ulijua. Kulia, chini. Ulijua kwa bega lako na kidole chako, kama ulivyojua miaka yote. Ulikuwa umeshampongeza. Mlikuwa mmeshashikana mikono. Na mimi, kwa kijiti, nikakwambia hujui. Nilidhani nimekuficha aibu ya kufagiwa, kumbe wewe hukuwa na aibu yoyote. Mwili wako ulikuwa unakuacha kidogo kidogo, ukabaki na kitu kimoja ulichokiamini, nacho nikakunyang'anya. Naomba unisamehe. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo. Nisamehe.

Na Mzee Wafula pia nilimnyang'anya ushindi wake. Nilikuwa sijawahi kumfikiria kabisa, Babu. Kwangu alikuwa mtu wa kutaniwa. Siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele, kwa ile miguu yake mibovu, na nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Sawa, Namba Moja. Tangulia tena." Tangu hapo anapita nyumbani karibu kila wiki. Alitengeneza mlango wa jikoni bila kuombwa. Ameniambia nikifikisha umri na nikitaka kibali, yeye atanidhamini kwenye klabu, kwa sababu, anasema, macho yangu ni ya kuaminika. Macho yangu.

Sasa anafunga duka. Anarudi kwao Bungoma mwisho wa mwezi huu, moja kwa moja, watoto wake wamemjengea. Jumamosi hii ndiyo siku yake ya mwisho kwenye machimbo. Ndiyo pia siku ya kuchoma jina la mshindi kwa msumari wa moto kwenye ule ubao wa kibandani. Jina lako. Na Jumapili alipokuja alimwambia Mama kwamba ameomba msumari aushike yeye mwenyewe. Amekwishachagua mmoja dukani, mrefu. Mama akamshukuru akilia. Mimi nikasema samahani, nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nimewaza siku tatu. Nilianza kwa kuwaza kwamba nikisema, watasema Afande alishinda kwa wizi. Nikawaza Mama atanitazamaje. Nikawaza nikae kimya, yeye aende Bungoma, maneno yaishe. Lakini kila nikifika hapo namwona amechuchumaa mbele ya ubao, miwani kwenye ncha ya pua, anachoma jina lako mahali pa jina lake, herufi kwa herufi, kwa upendo, nami nimesimama nyuma yake nimeshika kikombe. Hapo ndipo siwezi, Babu. Hilo siwezi.

Jina lako liko pale mara nne kwa miaka mingine. Hizo nne hukupewa na mtu. Nilikuwepo shimoni mara tatu kati ya hizo na niliyaona matundu, kila moja na kipete chake.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumamosi asubuhi nitaingia kwenye pikapu kama kawaida, sitasubiri tufike. Nitamwambia njiani, tukiwa wawili, pointi arobaini na nne kwa arobaini. Nitamwambia kwamba mkono uliompa ndio ulikuwa wa kweli. Nimejaribu mbele ya kioo na sauti inakatika kwenye neno la tatu, lakini nitalisema hata likitoka vipande. Akisimamisha gari akanishusha, nitarudi kwa miguu. Akisema nisiguse bunduki tena maishani, nitakubali. Nikirudi nitamwambia Mama. Kisha watakaouliza, wote, nitawaambia ulimpongeza kabla ya kisahani kupanda.

Pumzika sasa. Bega lako lilikuwa na akili mpaka mwisho. Nakupenda, na kwa Kiswahili hiki chetu cha kambini sikuwahi kukwambia, wala wewe hukuwahi, tulikuwa tunapeana vitambaa na mafuta tu.

Ila nakuomba kitu. Leo ni Jumatano. Mpaka Jumamosi usimwambie yeyote huko uliko, hata Bibi, na ninajua hamfichani. Niachie niseme mwenyewe. Baada ya hapo msimulie tu.

Mjukuu wako,
Athieno