Kiti cha Mwenye Kifaa

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kifua chako kisichopenda baridi. Sisi hatujambo. Mama mgongo umepungua kumuuma, ingawa bado anainua ndoo alizokatazwa na daktari. Mimi nimefunga shule, na matokeo ni mazuri isipokuwa Jiografia. Hayo nitakueleza siku nyingine, kwa sababu leo nina hasira na jambo kubwa zaidi. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu, kila nikitaja kituo anachofanyia kazi Baba, unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya, Dada. Isome mpaka mwisho.

Likizo hii Baba alikubali nifuatane naye kazini, kwa sharti nisiguse kitu na nisiulize zaidi ya swali moja kwa siku. Wewe uliyenipa jina la Maswali unajua sharti hilo lilivyonitesa. Chumba cha kuongozea chombo chetu cha angani hakijabadilika tangu uondoke. Baridi ya mashine ni ileile, tunavaa masweta wakati nje watu wanajipepea kwa magazeti. Chupa ya chai ni ileile yenye kifuniko kilichopasuka. Na Bi Antena, anayelielekeza lile sikio letu kubwa angani, hajaacha masihara. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kujifunza kazi au kujifunza kuzima taa. Sikumwelewa. Sasa namwelewa vizuri mno.

Nilikuja kwa ajili ya kifaa chako. Darasani nilikuwa nimewachorea wenzangu ubaoni jinsi dunia yetu ilivyo na ngao ya sumaku, hata upepo wa jua ukija unapita pembeni kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Nikawaambia Mirihi haina ngao kama yetu, kwa hiyo upepo huo unaikwangua hewa yake kidogo kidogo, na jua likilipuka unaikwangua zaidi. Mmoja akauliza zaidi kiasi gani. Nikajibu kwa maringo kwamba ndicho alichotumwa kukihesabu Dada yangu, maana kifaa chake kimo kwenye chombo kinachoizunguka Mirihi wakati huu tunapoongea. Mwalimu wa Fizikia akasema basi shule ikifunguliwa niwaletee jibu.

Jibu sina. Tangu nifike, jua limelipuka mara tatu kuelekea Mirihi, na mara zote tatu Baba amekizima kifaa chako.

Mlipuko ukionekana, wingu lake huchukua siku moja au mbili njiani, kwa hiyo Baba hana haraka. Anasimama, anavua miwani, anasema kwa sauti: Zima. Yule bwana wa kurudia amri anarudia neno hilohilo, kama sheria ya chumba inavyotaka, ndipo amri inatumwa. Dhoruba ikishapita, Baba anakiwasha, nasi tunapokea namba za siku za utulivu. Namba safi, zimepangika vizuri, na hazijibu swali lolote. Bi Antena alisema sisi ni watu tulionunua mwavuli, na kila tukiona mawingu tunaukunja usilowe. Baba akamjibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwamba kifaa kinachotumia umeme mkali namna ile kikipigwa na dhoruba kinaweza kuungua, na hakuna fundi wa kupanda Mirihi na bisibisi mfukoni. Bi Antena akasema mficha uchi hazai. Baba akamkumbusha kwamba chumbani kuna mtoto mdogo. Mtoto mdogo eti ni mimi, wa kidato cha tatu!

Linaloniumiza zaidi ni kwamba jua lenyewe halitungoji. Madoa yake yanapungua kila mwezi. Bi Antena anasema linaingia katika miaka yake ya kupoa, na litakapochangamka tena chombo chetu kitakuwa kimeishiwa mafuta. Tukizikosa dhoruba za mwaka huu, tumezikosa moja kwa moja.

Nilijaribu kubishana kwa adabu, kama ulivyonifundisha. Baba akanieleza sheria ambayo wewe unaijua kuliko mimi: neno la kukiacha kifaa kikiwaka wakati wa dhoruba husemwa na mwenye kifaa tu, akiwa kwenye kiti chake. Asipokuwepo, mwongozaji, yaani Baba mwenyewe, anachagua usalama. Kiti chako kipo palepale karibu na kioo, na sweta lako la kijivu bado limening'inia mgongoni mwake. Hakuna anayekikalia, hata chumba kikijaa wageni.

Dada, sijasahau siku ya dhoruba ya kwanza kabisa, kabla ya hizi tatu. Ulikuwa kwenye kiti hicho, ukasema Kiache, na sheria ilikuwa upande wako. Baba akasema Zima juu ya neno lako, mbele ya watu wote. Uliondoka bila kuchukua hata sweta, ukaenda mbali kutengeneza mashine za hospitali. Mama alisema hasira zako zitapoa kabla ya chai. Chai imepoa mara nyingi tangu siku hiyo.

Kwa hiyo dhoruba ya tatu ya likizo hii ilipokuja, nilifanya jambo la kijinga. Baba alipovua miwani, nilikwenda nikakaa kwenye kiti chako, nikasema Kiache kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Bwana wa kurudia amri, kwa mazoea, alifungua mdomo akasema "Kia...", kisha akaimeza sehemu iliyobaki. Hakuna aliyecheka. Baba aliniambia taratibu kwamba kiti hicho kina mwenyewe, ninyanyuke. Nikanyanyuka. Kifaa kikazimwa.

Nililia kwenye korido. Bi Antena akanifuata na kikombe cha chai, akaniambia nisidhani Baba ni mtumwa wa sheria. Mkurugenzi alikwisha kutaka kumpa kifaa chako mtaalamu mwingine, mtu ambaye angekaa kwenye kiti na kusema Kiache bila kufikiri mara mbili. Baba alimkatalia usoni. Alisema mwenye kifaa yu hai, na kiti hakirithiwi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani garini, nilitumia swali langu la siku. Nilimwuliza Baba anakilindia nini kifaa ambacho hakipimi kitu. Aliendesha mpaka tukaipita njia ya kwetu. Halafu akasema, polepole, kama anayeongea na usukani: Kikiungua, Dada yako atarudi kwa ajili ya nini?

Nilikuwa nimemaliza swali langu, lakini nikauliza la pili. Na kisipopima, atarudi kusoma nini?

Tulikwenda mpaka gereji ya mwisho wa barabara ndipo akageuza gari.

Asubuhi yake alinieleza, huku akijifanya anatafuta funguo, kwamba doa lililolipuka linazungukia upande wa pili wa jua, na lisipofifia litarudi kuitazama Mirihi baada ya majuma matatu hivi. Alisema siku hiyo mwenye kifaa akiwa kwenye kiti chake na akasema Kiache, atalirudia neno hilo yeye mwenyewe, kwa sauti yake, watu wote wasikie. Nikamwambia akupigie akuambie. Akasema ni rahisi zaidi kuongea na chombo kilicho Mirihi.

Na wewe, Dada, nisamehe, lakini nimekukasirikia pia. Yeye anazima kifaa, wewe unazima mazungumzo. Mmefanana mno, na katikati yenu nipo mimi na swali la Mwalimu. Mwaka ujao jua litakuwa limetulia, nanyi mtabaki na haki zenu, kila mtu na yake. Njoo. Sikuombi umsamehe kwanza. Njoo ukae, useme neno lako, tuone kama kitaungua.

Mama anakusalimu na anasema kitanda chako kimetandikwa. Bi Antena anasema uje na kifuniko cha chupa ya chai. Baba hakutuma salamu. Ila jana nilimkuta uani anaanika sweta la kijivu, na alipoona namtazama akasema lilikuwa na vumbi. Leo ameondoka nalo kazini likiwa limekunjwa vizuri, na kabla ya kufunga mlango ameniuliza kama kifua chako bado kinasumbuliwa na baridi.

Nimemwambia nitakuuliza.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Maswali