Jogoo Asiye na Kitambaa

Jumanne jioni

Nilieleza vizuri tu, sijui kosa liko wapi.

Mke wangu, Mama Elia, yuko siku ya tatu ya homa na mafua makali, hali chochote, nami nimeanza kuogopa. Asubuhi aliniuliza mwili wake unangoja nini kujitetea. Nikamwambia tuna seli za asili za kuua, zinazozunguka mwilini zikikagua seli nyingine. Seli nzima huonyesha alama ya mwenye mwili, kama kuku wetu tunavyowafunga kitambaa chekundu mguuni wasichanganyike na wa jirani. Kirusi kikiingia, mara nyingi huificha alama hiyo. Muuaji akikuta alama haipo, haulizi. Anaua.

Shemeji Roda, aliyekuja kumuuguza dada yake, alisikiliza kwa makini, akatoka uani. Akarudi na jogoo aliyekwisha kuchinjwa.

"Huyu hakuwa na kitambaa, shemeji. Si umesema hakuna kuuliza?"

Alikuwa jogoo wa jirani yetu, Mzee Yona.

Mgonjwa amekunywa supu bakuli mbili, na jasho likamtoka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Saa kumi Mzee Yona akaja kumjulia hali. Roda, bila haya, akamkaribisha bakuli.

"Huyu ndiye kuku wa kienyeji!" alisifu Mzee, akinyonya mfupa. "Wangu sijamsikia tangu asubuhi. Hivi Mwalimu, jogoo akipotea huwa anaenda wapi?"

Mimi, niliyefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, nikachukua upawa.

Nikamwongezea supu.