Pua ya Gari Ikitazama Mlimani

Jumamosi, Julai, Mjimwema. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na baridi ya kukata vidole. Sasa jua limetoka, ingawa halina nguvu.

Gari halikuuzwa.

Nalitanguliza hilo kwa kuwa wiki nzima mtaa umelizungumza kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Tangu tumalize matanga ya mume wangu, mdogo wake, shemeji yangu Xaver, amekuwa akisema pikapu yetu ya dizeli ni chuma chakavu kinachokula uwanja. Jumapili iliyopita aliketisha kikao cha ukoo, na kikao kikakata hivi: gari lisipowaka lenyewe Jumamosi, bila kusukumwa, atalichukua mnunuzi wake kutoka Tunduru. Hakuna aliyeuliza nitafuata mahindi Lusewa kwa kitu gani. Tangu biashara ya mahindi iachiwe watu binafsi, gari hilo ndilo linalowasomesha wanangu; ualimu wa fizikia unanipa heshima tu.

Nililikubali sharti pale pale. Sharti lililo wazi ni aina ya jaribio, na jaribio sijapata kuliogopa.

Huo ni uongo. Niliogopa.

Hapa kwetu mwenye gari la dizeli lililochoka huliegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Asubuhi huachia breki, gari likashika mwendo, akaingiza gia, injini ikashtuka, siku ikaanza. Marehemu alifanya hivyo, nami nikarithi desturi pamoja na ufunguo. Penye tambarare halikuwaka kabisa. Mama Egno, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kila alipoweka mikono nyuma ya gari kusukuma aliuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mwalimu, leo tunasukuma kwa nguvu au kwa fizikia?"

Fundi Issa, aliyelihudumia gari hili tangu enzi za marehemu, alikuwa na jibu lake: pampu inayorushia injini dizeli. "Mama, pampu ya nozeli imekufa hiyo. Ukipata nyingine Dar, inshallah nafunga siku hiyo hiyo." Simlaumu. Zamani maduka yalikuwa matupu, tukajifunza kufunga na kuziba. Sasa maduka yamejaa vipuri, tunajifunza kubadilisha. Katika nyakati zote mbili tumesahau kuutafuta ugonjwa.

Mimi nilikwama kwenye swali dogo. Pampu iliyokufa haichagui mahali pa kufia. Kwa nini ife kwenye tambarare ya sokoni na kufufuka kwenye mteremko wa nyumbani?

Jumatatu nilijaribu stata nikiwa bado kwenye mteremko, kabla ya kuachia breki. Gari likawaka. Miaka yote hiyo hatukuwahi kulijaribu hivyo: nani ahangaike na stata ilhali ana mlima?

Jumanne nikaliacha usiku kucha uwanjani kwenye tambarare. Alfajiri stata ilizungusha injini kwa nguvu, lakini bomba la moshi halikutoa hata ukungu. Pasipo moshi hakuna dizeli inayofika. Nikalegeza skrubu ya juu ya chujio, nikapiga kwa mkono kile kipini cha pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini. Likatoka povu, povu, kisha dizeli safi. Nikakaza skrubu, likawaka. Kumbe pampu ya nozeli ilikuwa nzima, ila ilikuwa ikishindishwa na njaa.

Tangi liko nyuma. Pua ikitazama chini, tangi huwa juu ya injini, na mafuta hujiendea yenyewe. Kwenye tambarare lazima yavutwe. Palipo na mwanya huingia hewa, na mafuta hurudi tangini. Mteremko tuliodhani unalitibu gari ndio uliokuwa ukiuficha ugonjwa wake.

Basi Jumatano nikaligeuza, pua ikatazama mlimani, ili ugonjwa ukose pa kujificha. Xaver alipita akasimama. "Shemeji, gari si chupa ya maabara. Likigoma hapo, utalisukuma mpaka mbinguni?"

Niliunganisha kipande cha mpira angavu unaoonyesha kilichomo, cha maabara kweli, kabla ya pampu ile ndogo. Nilipopiga kipini, mapovu yakapita moja moja kama shanga: mwanya ulikuwa upande wa tangi. Niliufuata mrija hadi chini ya kiti cha dereva, nikakuta kiungo kilichofungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga wote. Dizeli ilikuwa imeula mpira ukalainika kama ugali. Vumbi jeusi lililogandia pale nililiona kwa miaka, nikaliita uzee.

Fundi Issa aliushika utepe ule, akacheka mpaka akakaa chini. "Huu nilifunga mimi, Mama. Mgonjwa kauawa na bandeji!" Alhamisi tukaukata mrija ulioharibika, tukaweka mpya na vibano vya skrubu.

Jana nililiegesha tena pua juu. Leo Xaver amefika na mnunuzi, akalitazama gari, akatabasamu. "Naona umekata tamaa, shemeji."

Niliingia. Nikapasha joto plagi za kuamshia injini yenye baridi, nikasubiri.  Stata ikazunguka, moshi mweupe ukatoka, injini ikashika. Mama Egno akapiga kigelegele kilichowaamsha mbwa.

"Limewaka leo," alisema Xaver.

"Njoo na kesho," nilimjibu.

Hapo mnunuzi akaongeza bei. Shemeji akanigeukia kwa sauti mpya kabisa, laini: "Unasikia, shemeji? Sasa lina thamani."

Thamani ilikuwapo. Nilimkumbusha kwamba kikao kilisema lisipowaka, na kwamba maneno hayo aliyatamka yeye. Nikazima injini, nikautia ufunguo mfukoni, nikawakaribisha chai. Mnunuzi alikunywa. Xaver hakunywa.

Najua ataitisha kikao kingine. Aitishe.

Kesho ni Jumapili. Sitaliacha gari kule juu ya mteremko unaoelekea kanisani na kushuka kwa miguu, kama tulivyozoea. Nitaliegesha mbele ya mlango wa kanisa, kwenye tambarare, na misa ikiisha nitaliwasha watu wote wakiwa wamesimama pale.