Mashine Niliyokuchagulia

Mama Neema, mke wangu usiyetoka moyoni,

Nimefungua shajara yangu ya siku zile. Ukurasa wa Jumatatu niliupiga mstari katikati: upande huu mashine ndogo ya nyumbani ya kukandia unga, upande ule kubwa ya waoka mikate wa duka. Uzito wa chuma, kiasi cha unga, ukubwa wa gurudumu. Nililinganisha kila kitu, kama tufanyavyo ofisini kwa bwana shauri, mkuu wetu wa serikali.

Wewe hukuomba mashine. Ulipenda tu kuoka Jumamosi mchana, moto chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, kisha skonzi zote zikaishia kwa majirani. Ni mimi niliyeona viganja vyako vinauma.

Kwa Bwana Kasam, Mhindi muoka mikate aliyekuwa akiuza vyombo vyake, uliizunguka ile kubwa ukacheka.

"Baba Neema, unanunua mashine au unaoa mke wa pili? Atalala wapi huyu?"

Bwana Kasam akaniambia taratibu, "Karani, mama napika kwa furaha yake, hapana kwa duka. Chukua ndogo. Ile ukiacha mpini, nasimama palepale. Hii kubwa gurudumu yake zito, wewe umeacha, yenyewe bado nazunguka."

Nilidhani ananidharau, kwamba karani Mwafrika hafai kuwa na chombo cha kazi kubwa. Nikachukua kubwa.

Katika shajara ile, mkono wako sikuuandika popote. Na miaka yote nilikuona ukikanda: kila baada ya muda unauminya unga kwa vidole kusikia kama umelainika, jinsi mama yako alivyokufundisha kule Kondoa. Jumamosi ya tatu uliachia mpini, ukaingiza mkono kuupima unga. Vyuma vilikuwa bado vinazunguka.

Ulilala hospitali siku tisa. Kidonda kikaoza, homa ikapanda. Siku ya mwisho ulinishika kwa mkono uliobaki mzima. "Usimwambie mtoto ni mashine. Ataogopa jiko." Nikamwambia ni homa.

Sasa ana miaka kumi na miwili. Mashine iko stoo, nimeifunika gunia. Sikuweza kuiuza wala kuitupa. Jana nilimkuta ameifunua, ameshika mpini.

"Baba, nifundishe. Nataka nioke kama mama."

Nilimfokea mpaka akalia. Hadi sasa hajui kosa lake.

Nilikuahidi, na leo naivunja ahadi. Nitamketisha nimweleze yote, hata ushauri wa muuzaji nilioukataa kwa kiburi. Huenda asinitazame tena kama baba yake. Heri anichukie mikono yake ikiwa mizima.

Pumzika, mke wangu. Namsikia anatua ndoo mlangoni. Naweka kalamu, namwita.

Mumeo,
Baba Neema